Fundi wa filta ya dizeli chini ya mwembe, Tabata

Hilux yangu ni ya kebini moja, injini ya 5L (hilo ni jina lake, si lita tano), dizeli, pampu ya mafuta ya zamani isiyojua kompyuta. Inabeba mananasi ya Kiwangwa na kuyashusha Buguruni, mara mbili kwa wiki msimu ukichanganya, na kwa miaka tisa imenisomeshea watoto wawili. Gari hili likikohoa, mimi silali. Naandika kuhusu fundi mmoja wa Tabata aliyenibadilishia filta ya dizeli mwezi wa nne, kwa sababu kazi hiyo ndogo sijawahi kuiona ikifanywa vile, na kwa sababu kabla yake nilikuwa nimeshaambiwa nitafute milioni moja na laki nane.

Tatizo lilianza na masika. Nikiwa na mzigo, nikishashika lami ya kuja Makofia, gari lilikwenda vizuri mpaka pale nilipohitaji nguvu. Ukikanyaga mafuta taratibu linatembea. Ukikanyaga kwa nguvu linakaba kama mtu aliyebanwa pumzi, linamisi, linashuka mwendo, malori yanakupigia honi nyuma. Naegesha pembeni dakika kumi, nawasha tena, linavuta kama jipya. Baada ya kilomita saba au nane linarudia. Asubuhi nayo ikawa na shida yake: stata inazunguka weee mpaka betri inalegea, ndipo injini inashika, inatikisika kidogo, kisha inatulia.

Nililipeleka kwenye gereji moja kubwa yenye geti na mlinzi, ambayo sitaitaja. Hao ndio waliokuwa wamenibadilishia filta miezi miwili nyuma, pamoja na oili. Kijana alifungua boneti, akaisikiliza injini kwa muda usiotosha kumenya chungwa, akasema, "Mama, pampu imekufa. Hii tunaishusha." Pampu ya mtumba kutoka Japani pamoja na ufundi ndiyo hiyo milioni moja na laki nane. Nikauliza, filta je? Akajibu filta ni mpya, waliiweka wao wenyewe. Nikauliza ameipima pampu kwa kitu gani mpaka akajua imekufa. Hakunijibu, alikwenda kumpigia bosi wake simu. Niliondoka na gari langu hivyo hivyo linakohoa.

Dereva mwenzangu wa pale Buguruni, anayeleta machungwa ya Muheza, ndiye aliyenielekeza. "Nenda Tabata kwa mzee wa dizeli. Ila ujue, hana haraka."

Gereji yenyewe haina kibao. Ukitoka Tabata Relini kama unaelekea Segerea unaingia ndani kwa barabara ya vumbi, na ukiuliza mzee wa dizeli, hata watoto wanakuonyesha. Kuna mwembe mkubwa, kontena la bluu lililokatwa dirisha, mabenchi mawili ya mbao na kapi la kunyanyulia injini. Wapo watatu tu, mzee na vijana wawili anaowafundisha. Kitu cha kwanza nilichokiona ni chini. Gereji nyingi nilizozizoea ardhi yake ni tope jeusi la oili, ukitoka hapo viatu unavivulia mlangoni. Pale wamemwaga mchanga na maranda, na kazi yoyote ya mafuta inafanyikia juu ya sinia la bati. Halafu pembeni ya kontena kulikuwa na kamba imeanikwa vitambaa vya kufutia vyuma, vimefuliwa kwa sabuni na kukaushwa. Nilivitazama vile vitambaa kabla sijamtazama fundi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Linakusumbua nini?"

Nikaeleza. Hakugusa boneti. Aliniuliza maswali kama daktari: likisimama dakika kumi linapona? Linapona. Asubuhi linachelewa kuwaka, lakini mchana likiwa limetoka kutembea linawaka mara moja? Ndiyo. Taa ya njano ya filta imewahi kuwaka kwenye dashibodi? Haijawahi. Mafuta unaweka wapi? Hapo nikasema ukweli wangu wote: mjini naweka kituoni, lakini nikiwa Kiwangwa na tenki liko chini, hununua kwenye madumu ya kijana wa kando ya barabara. Mzee akaitikia kwa kichwa, hakunisema.

Ndipo akafungua boneti, akapitisha mkono chini ya filta, na kuutoa akiwa ameshika waya uliokuwa unaning'inia, umeviringishiwa tepu nyeusi. Ni waya wa sensa ya maji. Kwenye Hilux hizi, chini ya filta kuna sensa yenye boya. Maji yakijaa boya linapanda na taa ya njano inawaka mbele ya dereva. Waliobadilisha filta waliuchomoa ule waya na hawakuurudisha. Kwa hiyo taa isingewaka hata ningetembea na kisima.

Akachukua chupa tupu ya maji ya lita moja, safi, akafungua koki ndogo ya chini ya filta, na kijana mmoja akawa anabonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake. Mafuta yakatiririka mpaka nusu chupa. Akaiweka juu ya ukuta, kwenye mwanga, akasema tusubiri robo saa. Tukanywa chai. Tuliporudi, ndani ya chupa kulikuwa na ghorofa mbili. Juu dizeli ya rangi ya asali, chini vidole viwili vya maji, na katikati yao utando mweusi wenye kuvutika kama bamia. Maji ni mazito kuliko dizeli, ndiyo maana hukaa chini, na ndiyo maana koki nayo iko chini. Ule utando, mzee alisema, una uhai ndani yake: ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na mafuta. Vikishazaliana, uchafu wao ndio unaoziba karatasi ya filta kuliko hata mchanga.

Ninavyomwelewa, hata asiyenunua mafuta ya dumu hayuko salama kabisa. Dar hewa yake ina unyevu. Tenki likilala nusu tupu, usiku ule unyevu unageuka matone ya maji kwenye kuta za bati na kudondoka ndani kidogo kidogo. Mwezi mmoja huoni kitu. Miezi ikipita, yanajikusanya. Tangu siku hiyo najaza tenki jioni, nililokuwa najaza asubuhi.

Kipimo cha pili ndicho kilichonifanya nimwamini. Alifungua bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akaweka mahali pake mpira mwingine unaoonyesha ndani, akawasha gari. Nikaambiwa niangalie. Dizeli ilikuwa inapita, na ndani yake mapovu, madogo madogo, kama soda. Akaeleza kwamba kutoka tenki hadi pampu mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Pakiwa na tundu upande huo, usitegemee kuona tone likidondoka chini. Ni upepo unaoingia ndani. Gari likilala, ule upepo unaachia mafuta kurudi tenkini, na asubuhi stata inafanya kazi ya kuyavuta upya safari nzima. Hiyo ndiyo shida yangu ya asubuhi. Shida ya kukaba njiani ni nyingine, filta imeziba. Magonjwa mawili ndani ya gari moja, na yote mawili yalitoka kwenye kazi moja iliyofanywa vibaya.

"Na pampu?" nikauliza.

"Pampu yako siijui bado. Lakini mwanangu, mtu hajapewa chakula, utasemaje ni mvivu?"

Kununua filta alikataa kunifanyia. Haweki spea, na hampi kijana wake hela ya mteja akanunue, maana anasema hapo ndipo ugomvi wa gereji unapozaliwa. Aliinakili namba ya Toyota kutoka kwenye daftari lake kuukuu, akanipa na ile filta ya zamani kwenye mfuko, akanifundisha la kutazama. Tazama ndani kupitia tundu la katikati, uone karatasi imekunjwaje: mikunjo iwe mingi, imebanana, ya upana mmoja. Tazama gundi, isiwe imechuruzika. Pitisha kidole kwenye hesi, yaani ile mistari ya kukazia, usikute vipande vya chuma. Mpira wa kuzuia mafuta ukae kwenye mfereji wake bila kucheza. Na zishike mbili kwa pamoja, moja mkono huu na moja mkono ule, uzisikie uzito.

Nilikwenda Shaurimoyo na kumalizia Gerezani. Duka la kwanza, 12,000, boksi zuri lenye maandishi yote yanayotakiwa. Nilipochungulia ndani, mikunjo ilikuwa michache na imelala upande kama nyasi zilizopitiwa na mafuriko. Duka la pili, 18,000, na muuzaji akaniapia kwamba ni orijino. Nikapitisha kidole kwenye hesi kikatoka na unga wa chuma. Nikamwonyesha. Akasema huo ni wa kiwandani, utaoshwa na mafuta. Utaoshwa, ndiyo, na utakwenda wapi? Kwenye pampu yangu.

Duka la tatu, Gerezani, lilinipa raha. Mama mmoja wa makamo, miwani shingoni, aliiangalia namba, akaingia ndani, akatoka na filta tatu na kuzipanga juu ya meza. "Dada, hii ni kopi, elfu kumi na tano. Hii ni ya kampuni inayoaminika ila si ya Toyota, elfu thelathini na mbili. Hii ni ya Toyota yenyewe, elfu sitini na nane. Kopi nauza kwa sababu watu wanaitaka, lakini nakwambia ni kopi." Nikazishika mkononi kama nilivyofundishwa. Kopi ilikuwa nyepesi kama kopo la maziwa lililoisha. Nilichukua ya Toyota, na risiti ya mashine akanipa kabla sijaiomba.

Najua wapo watakaosema 68,000 kwa kopo la bati ni wizi. Nami nilikuwa nasema hivyo. Lakini fikiria kinachochujwa. Uchafu unaoua pampu na nozo, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, hauonekani kwa macho; unapimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Filta nzuri ya dizeli inatakiwa izuie chembe za mikroni chache tu, kwa sababu nafasi iliyopo kati ya vyuma vya ndani ya pampu nayo ni mikroni chache. Na pampu kama hii yangu haina oili yake ya kulainishia. Dizeli ndiyo oili yake. Maji yakipita, vyuma vinasuguana vikavu. Kopi ya elfu kumi na mbili inapitisha mafuta vizuri kabisa, wala gari halilalamiki. Inachopitisha pamoja na mafuta utakijua mwaka unaofuata, kwa bei ya pampu.

Sisi wa Dar tulishapata somo la mafuta. Neno kuchakachua lilienea midomoni mwetu miaka ile ya 2010 na 2011 kwa sababu ya watu kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kupimia, kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi kama dizeli. Wenye magari walioziona pampu zao zikifa enzi zile wanajua ninachosema. Vituoni hali ilitulia. Kwenye dumu la kando ya barabara hakuna anayekuja kupima kinasaba.

Kazi yenyewe ilifanyika kesho yake. Niliambiwa nifike saa mbili nikafika saa mbili, nikakuta mzee yuko chini ya Canter ya mtu na hakutoka mpaka saa nne. Hili ni lalamiko langu la kweli na nilimwambia: ungenipa saa nne, ningekuja saa nne. Akaomba radhi.

Alianza na tenki. Kuweka filta mpya juu ya tenki lenye maji, alisema, ni kumvalisha mtu nguo safi kabla hajaoga. Gari lilikuwa limelala pale pale usiku mzima ili kila kilichomo kitulie chini, wala hakulisogeza hata hatua. Akaweka ndoo, akafungua bolti ya chini ya tenki. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji ya rangi ya kutu, karibu lita mbili, kisha dizeli yenye mawingu, kisha dizeli safi, na hapo akafunga. Kwa jumla nilipoteza kama lita tisa. Haikumwagwa mtaroni. Inawekwa kwenye pipa, wanaoshea vyuma.

Kisha akaosha kichwa cha filta na mabomba yake kwa brashi, kwa nje, kabla ya kufungua chochote, ili vumbi lisidondokee ndani pakiwa wazi. Nimebadilisha filta gari hili labda mara kumi na tano maishani mwake na sijawahi kumwona fundi akiosha nje kwanza. Akafungua kopo la zamani kwa spana ya mkanda, akaligeuza, akafungua sensa ya maji iliyo kitako chake. Hapo akaniita. Oringi ya sensa, yaani mpira mdogo wa duara wa kuziba, ilikuwa bapa kama utepe, imekatika upande mmoja, imebanwa nje ya mfereji wake. Waliihamisha sensa kutoka filta ya zamani kwenda mpya na oringi ile ile kuukuu. Tundu langu la upepo lilikuwa hilo. Kitu cha elfu mbili.

Akaweka oringi mpya, akaipaka dizeli safi, akakaza sensa kwa mkono. Mpira wa juu wa filta nao akaupaka dizeli. Halafu akaifunga filta ikiwa tupu. Nikashangaa, maana mafundi wote niliowahi kuwaona huijaza kwanza kwa mafuta ya dumu ili gari liwake haraka. Nikamuuliza. Akaigeuza, akanionyesha: matundu madogo ya kuzunguka pembeni ndiyo mafuta machafu yanapoingilia, tundu kubwa la katikati ndilo mafuta yaliyochujwa yanapotokea. Ukimimina mafuta ya dumu katikati umeyapitisha mlango wa nyuma, yanakwenda kwenye pampu bila kuchujwa hata mara moja. Siku moja ya haraka inafuta faida ya filta nzima. Nilisimama pale nikihesabu ni mara ngapi nimeshuhudia gari langu likifanyiwa hivyo, nikishukuru kwamba fundi anaharakisha.

Akaikaza kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha robo tatu ya mzunguko, kwa mkono tu, hakuna spana. Akachomeka waya wa sensa, mkavu, bila tepu. Taa alikuwa ameshaijaribu: kabla hajaifunga sensa kwenye filta alikuwa amelipandisha boya kwa kidole huku kijana akiangalia dashibodi, na kwa mara ya kwanza katika miezi miwili nikaiona ile taa ya njano.

Kutoa upepo ndiyo sehemu iliyochukua muda. Kijana alibonyeza pampu ya mkono, laini mwanzoni, kila mara nzito zaidi. Mimi nilihesabu mpaka sabini na mbili ndipo ikagoma kushuka. Kisha mzee akalegeza nati za mabomba mawili ya nozo, akaweka kitambaa, akaniambia nipige stata sekunde kumi, niache, nipige tena. Nisiing'ang'anie, maana stata inaungua. Povu likatoka, likafuata povu na mafuta, kisha mafuta matupu. Akakaza. Nikapiga tena, likawaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Ule mpira wa kuonyesha ndani ulikuwa bado umefungwa. Tukautazama wote wanne. Hakuna povu hata moja. Ndipo akautoa na kurudisha bomba la kawaida, akatoa upepo kidogo tena, kazi ikaisha.

Naweka onyo hapa, maana siku hiyo hiyo mpwa wangu alinifuata pale na Hilux yake ya D4D, injini ya dizeli inayoendeshwa na kompyuta, akitaka afanyiwe hivyo hivyo. Mzee alikataa kabisa kugusa nati za mabomba ya nozo. Kwenye injini hizo za kisasa mafuta yanatembea kwa msukumo wa zaidi ya bar elfu moja. Mchirizi wake unatoboa ngozi na kuingia mwilini, na huo si mkwaruzo wa kufunga na kitambaa, ni wa kukimbizwa hospitali. Kwenye D4D upepo unatolewa kwa pampu ya mkono tu. Alimbadilishia filta, akabonyeza, gari likawaka, na lile tatizo jingine la kompyuta akamwambia atafute wenye mashine ya kulipimia. Napenda fundi anayejua ukuta wake uko wapi.

Baada ya hapo akaliweka kopo la zamani kwenye jiliwa na kulikata kwa msumeno wa chuma. Hili silisahau. Karatasi yote ilikuwa nyeusi, imelowa ule utando wa bamia, mikunjo imegandamana, na upande mmoja imeachana na gundi yake, kuna mwanya wa kupitisha ukucha. "Hii ina miezi miwili?" nikauliza, ingawa jibu nilikuwa nalo. Kwa miezi miwili ilikuwa imeziba na wakati huo huo inavujisha uchafu. Nilipomuuliza kama pampu imeshadhurika, hakuniahidi kitu. Alisema tutajua kwa mlima na kwa mzigo, na kama nozo zina tatizo tutaona moshi.

Tulilijaribu kwenda Kinyerezi na kurudi, vijana wawili wakiwa nyuma, lakini jaribio langu mimi lilikuwa Alhamisi. Mananasi mia sita, mvua nyepesi. Nilishika lami ya Makofia, nikakanyaga. Likavuta. Nikasubiri likabe pale lilipozoea kukaba, nikapita hapo, nikafika Bagamoyo, nikafika Bunju, nikaingia kwenye foleni ya Tegeta, na nilikuwa bado nasubiri. Saa moja usiku nilikuwa nashusha Buguruni. Sasa ni safari ya kumi na moja. Asubuhi linashika mara moja, moshi hauna kitu.

Malipo: filta 68,000, oringi 2,000, ufundi 40,000 pamoja na kazi ya tenki. Jumla 110,000, ukiacha dizeli iliyomwagwa. Alikubali M-Pesa. Risiti aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, na kwa mwenye kampuni anayehitaji risiti ya mashine hilo litamkwamisha, amuulize mapema. Choo ni cha jirani. Ijumaa anafunga saa tano na kurudi saa nane baada ya swala, na Jumamosi haanzi kazi ya tenki kwa sababu inataka gari lilale. Ukiwa na haraka ya siku moja usiende. Panga siku mbili. Na usimwache peke yake ukaenda zako, maana anapenda mwenye gari asimame aone, na utakachojifunza hapo hakuna atakayekuelezea kwa simu.

Kabla sijaondoka alibandika kipande cha tepu nyeupe ndani ya boneti na kuandika kwa kalamu: filta, 214,380. Chini yake: maji, 219,000. Maana yake kila kilomita kama elfu tano, pamoja na oili, nifungue koki nitoe maji. Filta nayo tutaitazama nikifika elfu ishirini, nisisubiri ile elfu arobaini wanayoitaja watu wenye mafuta masafi kuliko yetu. Kwenye madumu ya Kiwangwa sijanunua tena, na nimeweka kikomo changu: robo tenki, naingia kituoni.

Jumamosi iliyopita nilifika 219,000. Sikwenda gereji. Nililiegesha usiku uani kwangu, alfajiri nikachukua chupa, nikafungua koki, nikabonyeza mara chache, nikaiweka dirishani na kwenda kuwachemshia watoto chai. Niliporudi, chini ya ile dizeli ya asali kulikuwa na maji kama robo kijiko, meupe, hayana utando. Nikafunga koki kwa vidole na kuifuta kwa kitambaa nilichokifua.